Carscallen: Mmisionari aliyeleta herufi za risasi Gendia

MWANAFUNZI wa ualimu katika chuo cha Asumbi, Kaunti ya Homa Bay, anapofungua kitabu cha Dholuo ili kujiandaa kuwafunza watoto wadogo kusoma, hukutana na herufi zile zile ambazo Mwingereza huzitumia kuandikia lugha yake. Hakuna alama ngeni juu ya herufi wala chini yake. Irabu zilizo kwenye ukurasa ni tano, ilhali sikio la mzawa wa lugha hiyo husikia tisa. Ni nadra kwa mwanafunzi huyo kuelezwa ni nani waliofikia uamuzi huo, na kwa sababu gani.

Sehemu kubwa ya jibu iko Gendia, kilima kilicho karibu na mji wa Kendu Bay, ndani ya kaunti hiyo hiyo. Hapo ndipo mnamo mwaka wa 1913 palipowekwa mtambo mdogo wa kupiga chapa, na kurasa za Dholuo zikaanza kutolewa kando ya Ziwa Victoria. Aliyeupata mtambo huo ni Arthur Asa Grandville Carscallen, mmisionari Mkanada wa Kanisa la Waadventista wa Sabato.

Jina lake hutajwa zaidi makanisani, ambako hukumbukwa kama mwanzilishi wa kanisa lake katika Nyanza. Hata hivyo, maisha yake yanawahusu pia waandishi, wapiga chapa na wasanifu wa herufi. Ufundi wa watu hawa umebadilika mno tangu zama zake, na swali alilokabiliana nalo kilimani Gendia limewarudia wao katika sura mpya: lugha ya Kiafrika itavalishwa herufi gani, na nani atakayezichonga?

Kutoka Kanada hadi Winam

Carscallen alizaliwa nchini Kanada mwaka wa 1879. Akiwa kijana alivuka bahari na kuingia chuo cha Waadventista cha Duncombe Hall, jijini London, kilichowaandaa vijana kwa kazi ya injili. Hakuwa amepita miaka 27 alipochaguliwa kwenda katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, nchi ambayo kanisa lake halikuwa na hata kituo kimoja.

Hakusafiri peke yake. Aliandamana na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi ambayo sasa ni Malawi, aliyekuwa pia amesoma Uingereza. Nyambo hutajwa kwa ufupi katika simulizi nyingi, lakini hakuwa mtu mdogo. Baadaye aliachana na wamisionari, na mwaka wa 1914 alihusika katika kupeleka London malalamiko ya Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia dhidi ya utawala wa walowezi. Aliyekuja Nyanza kusaidia kufundisha kusoma alikuwa amekwisha kutambua kwamba maandishi yaweza pia kuwa silaha ya mnyonge.

Wawili hao walifika Kenya mwezi wa Novemba mwaka wa 1906. Reli ilikuwa imefika Kisumu miaka mitano tu iliyotangulia. Kutoka huko walivuka Ghuba ya Winam hadi pwani ya kusini, wakapanda kilima cha Gendia katika nchi ya Karachuonyo na kuweka kambi. Mwaka huo huo Waanglikana walikuwa wameanzisha kituo chao Maseno, ng'ambo ya pili ya ghuba. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill nao walikuwa wakisogea taratibu kuelekea kusini, na baadaye Asumbi ikawa ngome yao katika Nyanza Kusini.

Mwaka wa 1907 Carscallen alimwoa Helen Bruce Thomson, na nyumba yao ikawa Gendia. Katika miaka iliyofuata vituo viliongezeka: Wire, Rusinga, Kanyadoto, Karungu na Kamagambo, na Nyanchwa katika nchi ya Wakisii. Baadhi ya mahali hapo sasa pamo katika Kaunti ya Migori, na pengine katika Homa Bay au Kisii. Kila kituo kilikuwa na shule, na kila shule ilidai kitu ambacho hakikuwapo: kitabu.

Kuisikiliza lugha

Kabla ya kitabu ilibidi ipatikane tahajia. Dholuo ilikuwa lugha yenye hazina kubwa ya nyimbo, vitendawili, majigambo na simulizi za uhamaji wa kale. Hazina hiyo yote ilihifadhiwa vifuani mwa watu. Carscallen alikaa miaka kadhaa akijifunza lugha hiyo kwa kuisikiliza kutoka kwa wenyeji, kisha akaandika kitabu cha sarufi kilichotumika kwa muda mrefu kuwafunza wageni waliofika Nyanza. Alitafsiri pia sehemu za Agano Jipya.

Kazi hiyo ilikuwa na mitego mingi. Dholuo hutenganisha sauti ambazo sikio la Mzungu huziona kuwa moja. Ulimi ukigusa meno hutoka sauti moja, na ukigusa ufizi hutoka nyingine, na tofauti hiyo hubadili maana ya neno. Wamisionari waliitatua kwa kuunganisha herufi mbili mbili: th na dh kwa sauti za menoni, t na d kwa zile za ufizini. Sauti ya ny ikaandikwa kama katika Kiswahili, na ile inayotoka puani ikaandikwa ng' yenye kialama pembeni, kama katika neno ng'ombe.

Irabu zilikuwa na taabu zaidi. Dholuo ina irabu za koo lililopanuka na irabu za koo lililobanwa, ambazo kwa asiyezoea hufanana kama mapacha. Juu ya hayo kuna toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ambako kwaweza kubadili maana au wakati wa kitendo. Herufi za Kilatini zina a, e, i, o, u, basi. Ndiyo maana neno kech kwenye karatasi laweza kumaanisha njaa au ladha chungu, na neno kendo laweza kuwa meko au kitendo cha kuoa. Msomaji ndiye anayeamua kwa kutazama maneno yaliyolizunguka.

Ni rahisi leo kuwalaumu wamisionari kwa kuziacha irabu nne nje ya mlango. Anayetaka kuwahukumu kwa haki sharti kwanza akitazame kisanduku cha herufi.

Kisanduku cha mpanga herufi

Waadventista walikuwa watu wa karatasi tangu mwanzo. Kanisa lao lilikua Marekani katika karne ya 19 kwa nguvu ya majarida na vijitabu, na kila walipofika walitafuta njia ya kuchapisha. Haikuwa ajabu basi kwamba, miaka saba baada ya kupanda kilima cha Gendia, Carscallen alijipatia mtambo mdogo wa kupiga chapa kwa ajili ya misheni yake. Ulichapisha masomo na maandiko ya kanisa, na kwa kufanya hivyo ukasaidia kueneza elimu ya kusoma na kuandika katika eneo zima.

Uchapaji wa zama hizo ulikuwa kazi ya mikono. Kila herufi ilikuwa kipande kimoja cha madini, mchanganyiko wa risasi, antimoni na bati, chenye umbo la herufi lililogeuzwa kama linavyoonekana kiooni. Vipande hivyo vilipangwa katika kisanduku chenye vijumba vingi, kila herufi na kijumba chake. Mpanga herufi alisimama mbele ya kisanduku, kibao kidogo cha chuma mkononi, akaokota herufi moja baada ya nyingine na kuipanga kichwa chini. Mstari ulipojaa aliupanua kwa vipande vya nafasi hadi ukakaza. Mistari ikawa ukurasa, ukurasa ukafungwa ndani ya fremu, ukapakwa wino na kugandamizwa karatasini. Kazi ilipokwisha, kila herufi ilirudishwa katika kijumba chake ili itumike tena kesho.

Katika ufundi huo, mpiga chapa hutawaliwa na kile alichonacho kisandukuni. Viwanda vya kusubu herufi vilikuwa Ulaya na Marekani. Huko fundi alichonga umbo la herufi kwenye ncha ya chuma kigumu, akaligonga katika shaba nyekundu kupata kalibu, na kalibu ikamwagiwa risasi iliyoyeyushwa. Kuongeza herufi moja isiyokuwapo kulihitaji kuagiza ichongwe upya, gharama ambayo misheni ndogo iliyojitegemea kando ya ziwa isingeimudu kwa urahisi.

Hata herufi zilizokuwapo ziliuzwa kwa kipimo cha lugha ya mnunuzi. Kiwanda cha Uingereza kilipouza furushi la herufi, kilitia e nyingi mno na t nyingi, kwa kuwa Kiingereza huzila sana, na k chache, kwa kuwa Kiingereza hakina haja nazo kwa wingi. Dholuo ina mahitaji mengine kabisa. Hutumia sana o na k, n na y, g na w, ilhali q, v, x na z hubaki vijumbani zikipata vumbi. Anayepanga ukurasa wa Dholuo kwa furushi la Kiingereza huweza kuishiwa na k kabla ukurasa haujajaa, na hapo hana budi kuuchapisha, kuuvunja na kuanza upya.

Kwa hiyo tahajia ya Dholuo ilizaliwa mahali ambapo sikio la mmisionari, mazoea ya tahajia ya Kiswahili na uchache wa risasi vilikutana. Irabu tano zilikuwa tayari zimesubiwa. Zile nyingine hazikuwa na kalibu popote duniani ambayo mtu wa Gendia angeifikia.

Waliozikataa herufi

Si kila mtu aliyezipokea herufi hizo kwa furaha. Mwaka ule ule wa 1913, katika nchi ya Alego, Onyango Dunde alitangaza kwamba amepata ujumbe kutoka kwa Mumbo, nyoka mkuu wa ziwani, uliowataka watu wauache ustaarabu wa Wazungu na dini yao. Mafundisho hayo yalienea hadi Nyanza Kusini na nchi ya Wakisii. Kwa wafuasi wa Mumbo, shule, kanisa na ofisi ya mkuu wa wilaya vilikuwa mti mmoja wenye matawi matatu.

Mwaka uliofuata, Vita Vikuu vya Kwanza vilifika mlangoni. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1914 majeshi ya Wajerumani kutoka Tanganyika yaliingia Kisii na kupigana na Waingereza. Katika vurumai hiyo wenyeji walivamia ofisi za serikali na misheni. Kituo cha Waadventista cha Nyanchwa kiliporwa, na vivyo hivyo kile cha Wakatoliki huko Nyabururu. Kwa wengi waliopora, mali ya misheni na mali ya serikali iliyowatoza kodi ya nyumba haikuwa na mpaka.

Misheni ilirejea baada ya dhoruba, na watu nao wakarudi shuleni, wengi zaidi kuliko mwanzo. Vita vilikuwa vimewafundisha kwamba asiyejua kusoma huandikwa na wengine: jina lake huingizwa katika orodha ya kodi au ya wapagazi bila yeye kujua kilichoandikwa.

Madhehebu nayo yaliendelea kushindana, kila moja kwa vitabu vyake. Mwaka wa 1920 Mapadri wa Mill Hill walitoa mwongozo wao wa lugha, iliyoitwa wakati huo Kikavirondo, jina ambalo Wajaluo wenyewe hawakulipenda. Waanglikana wa Maseno walikuwa na watafsiri wao. Ndiyo sababu tahajia ya Dholuo haiwezi kuitwa mali ya mtu mmoja. Carscallen alikuwa mmoja wa walioifuma, na miongoni mwa wa mwanzo.

Kuondoka, na yaliyobaki nyuma

Carscallen aliondoka Afrika Mashariki mwaka wa 1921, baada ya kuiongoza misheni kwa miaka 15. Alifariki mwaka wa 1964, akiwa na umri wa miaka 85 hivi, Kenya ikiwa imepata uhuru muda mfupi tu uliotangulia. Nchi aliyoijua kama himaya ilikuwa na bendera yake, na waliokuwa wakiiongoza walikuwa watoto wa shule za misheni kama zile alizozianzisha.

Mtambo wa Gendia haukufa kwa kuondoka kwake. Kazi iliyoanza kwa mashine moja ndogo ilikua na kuwa nyumba ya uchapishaji ya Africa Herald, ambayo kwa miongo mingi ilitoa vitabu na majarida ya kanisa kwa lugha za Afrika Mashariki.

Tunda kubwa zaidi, hata hivyo, lilitoka mikononi mwa wenyeji. Paul Mboya, mzaliwa wa Karachuonyo aliyelelewa katika misheni hiyo, akawa mchungaji na kisha chifu, alichapisha mwaka wa 1938 kitabu cha Luo Kitgi gi Timbegi, kinachoeleza mila na desturi za Wajaluo kwa lugha yao wenyewe. Herufi zilizoletwa ili watu wasome maneno ya wageni zilitumika kuhifadhi maneno ya wazee. Baada ya vita vya pili, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake katika shirika la Luo Thrift and Trading walijipatia mtambo wao wenyewe, na uchapaji ukawa sehemu ya kupigania haki na uhuru. Biblia nzima ya Dholuo ilikamilika mwaka wa 1953. Yote hayo yaliandikwa kwa irabu tano.

Njia ambayo ndugu zao walipita

Thamani na gharama ya uamuzi wa Nyanza huonekana vyema zaidi ukitazama kaskazini. Mwaka wa 1928, huko Rejaf katika Sudan ya Kusini, wamisionari, maofisa wa serikali na wataalamu wa lugha walikutana kuamua jinsi ya kuandika lugha za eneo hilo. Miongoni mwazo zilikuwa Kidinka, Kinuer na Kishilluk, ambazo ni ndugu wa Dholuo. Waliongozwa na mawazo ya taasisi ya lugha na tamaduni za Kiafrika iliyoanzishwa London mwaka wa 1926, iliyopendekeza herufi mpya kwa sauti za Kiafrika. Lugha hizo zikapewa ɛ na ɔ kwa irabu ambazo Kilatini hakina, na ŋ kwa sauti ambayo Dholuo huiandika ng'.

Mdinka alipata tahajia iliyo karibu zaidi na ulimi wake. Lakini kwa miaka mingi alitatizika kuiandika, kwa sababu taipureta ya kawaida haikuwa na herufi hizo, wala kisanduku cha kawaida cha mpiga chapa. Hata kompyuta zilipokuja, ɛ na ɔ ziligeuka visanduku vitupu kila hati ilipohamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, hadi utaratibu wa Yunikodi, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1991, ulipoenea na kila herufi ikapata namba yake isiyobadilika.

Mjaluo alikuwa na bahati tofauti. Taipureta yoyote ilimfaa, na kadhalika kompyuta na simu yoyote. Alilipa kwa kubaki na ukurasa unaonyamaza kuhusu irabu nne na toni zote. Msomi wa London, Archibald Tucker, aliyefanya kazi ya lugha nchini Sudan baada ya mkutano wa Rejaf, aliandika sarufi kubwa ya Dholuo inayoonyesha sauti hizo kwa alama maalumu. Ilichapishwa mwaka wa 1994, miaka 14 baada ya kifo chake, na imebaki kitabu cha wataalamu.

Ufundi ulioyeyuka, na uliozaliwa upya

Ufundi alioutegemea Carscallen haupo tena katika sura aliyoijua. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 herufi za risasi zilipisha herufi za filamu na mwanga, na tangu miaka ya 1980 zote zikapisha kompyuta. Wapanga herufi walipoteza kazi katika magazeti ya dunia nzima, ya Afrika Mashariki yakiwamo. Ujuzi wa vidole vilivyoweza kuokota k gizani ukawa hauna mnunuzi.

Hata hivyo, aliyebuni umbo la herufi hakutoweka. Alihama tu kutoka kwenye chuma kwenda kwenye kioo cha kompyuta. Wasanifu wa herufi wana jumuiya yao ya kimataifa, ATypI, iliyoanzishwa mwaka wa 1957, na mjadala wao wa miaka hii ni kuhusu mustakabali wa riziki yao. Fonti zisizolipiwa zimejaa kwenye intaneti, kampuni chache kubwa zimemeza viwanda vya kale, na sasa programu za akili bandia zimeanza kuchora herufi. Wapo wanaohofia kwamba ufundi huu utakwenda njia ya wapanga herufi.

Kwa mtu wa Nyanza, mabadiliko hayo yana sura ya pili. Kile kilichomshinda Carscallen, yaani kupata herufi ambayo kiwanda cha Ulaya hakikuisubu, leo hakidai tanuri wala meli. Kijana mwenye kompyuta ya kawaida na programu ya bure kama FontForge anaweza kuchora herufi Asumbi asubuhi na kuituma duniani jioni. Huko Harare, Saki Mafundikwa alifungua mwaka wa 1999 chuo cha usanifu kinachoitwa ZIVA, na mwaka wa 2004 alichapisha kitabu kuhusu mifumo ya maandishi ya Kiafrika, akionyesha kwamba bara hili lina urithi wake wa kuandika. Nchini Kenya kwenyewe, kati ya mwaka wa 2009 na 2012, ulibuniwa mwandiko mpya kabisa kwa ajili ya Dholuo, wenye maumbo yasiyotokana na Kilatini. Haukuenea, lakini kubuniwa kwake ni ushahidi kwamba swali la Gendia halijafungwa.

Kazi iliyopo ni ya kutosha. Kialama cha ng' peke yake ni mfano. Kompyuta nyingi hukidhania kuwa alama ya kunukuu, hivyo hukigeuza upande usiofaa au hulikata neno vipande viwili, na programu ya kusahihisha tahajia hulitia mstari mwekundu neno lisilo na kosa lolote. Msanifu anayeijua lugha angekichora na kukipanga kialama hicho kama sehemu ya herufi. Angefikiria pia jinsi ya kuwasaidia wanafunzi wanaotaka kuonyesha irabu za koo pana na koo finyu, bila kuwalazimisha wasomaji wa kawaida kuacha tahajia waliyoizoea kwa zaidi ya karne.

Kuna jambo moja linaloonyesha hali ilivyo. Miongoni mwa fonti zinazofaa zaidi kwa wanaoanza kujifunza kusoma, zenye maumbo yaliyo wazi na herufi nyingi za lugha za Afrika, ni ile iitwayo Andika. Jina lake ni Kiswahili safi. Iliyoitengeneza ni SIL, shirika la kimataifa la Kikristo la lugha lenye makao yake Marekani. Ni kazi njema iliyotolewa bure kwa walimwengu, kama ulivyokuwa mwema mtambo wa Gendia kwa wengi waliojifunza kusoma kutokana nao. Lakini zaidi ya miaka 100 baada ya 1913, herufi za Mwafrika bado huchongwa zaidi na watu wa mbali wanaomtakia heri.

Carscallen alitumia alichokuwa nacho: sikio la mgeni, kisanduku cha Kiingereza na miaka 15 ya subira. Kwa vitu hivyo alisaidia kuijengea lugha ya ziwani nyumba ya kuishi kwenye karatasi, na nyumba hiyo bado imesimama. Madirisha manne aliyoyaacha bila kufunguliwa hayakuwa na fundi katika zama zake. Katika zama hizi mafundi wanaweza kupatikana, iwapo vyuo vya Nyanza, kuanzia Asumbi hadi Kisumu, vitauona usanifu wa herufi kuwa kazi ya kufundishwa, na iwapo wachapishaji watakubali kuwalipa wanaoifanya. Bila hayo, mtoto wa Karachuonyo ataendelea kukisia kwenye ukurasa kama kech iliyo mbele yake ni njaa au ni uchungu.